Kabla ya Kipenga: Wimbo wa Taifa Katika Viwanja vya Kisii na Nyamira

Nilikuwa kwenye fainali ya kombe moja la kijiji, upande wa Nyamira. Timu zilikuwa zimejipanga, waamuzi katikati, mgeni wa heshima amevua kofia. Mshereheshaji akaomba watu wote wasimame kwa wimbo wa taifa. Kijana wa mitambo akabonyeza simu yake, na kutoka kwenye spika mbili kubwa likaruka tangazo la mikopo. Likaisha, likaja la pili. Wimbo ulipoanza hatimaye, ulifika nusu ya ubeti ukakatika, maana mtu alikuwa amempigia kijana yule simu na mlio wake ukajaa uwanja mzima. Wachezaji wakacheka. Mzee aliyekuwa karibu nami, aliyesimama kwa kuegemea mkongojo, hakucheka. Aliketi polepole, na hakusema neno mpaka mapumziko.

Makala haya nayaandika kwa walimu wa michezo, makatibu wa vilabu, wanaoandaa makombe ya Desemba, na kila kijana atakayekabidhiwa maiki Jumapili ijayo. Ninaloomba ni jambo moja. Wimbo wa taifa uandaliwe kama mistari ya uwanja inavyopigwa chokaa, mapema na kwa mkono wa mtu anayejua kazi, kisha uimbwe kwa midomo ya watu waliopo. Ubeti mmoja ulioimbwa vizuri unatosha.

Kwa nini jambo hili ni letu

Kenya ilishiriki Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956, Melbourne. Nyantika Maiyoro, Mgusii wa huku kwetu, alikimbia mita 5,000 akamaliza wa saba. Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Nchi ilikuwa bado koloni. Hata angeshinda, hapakuwa na wimbo wa Kenya wa kumpigia. Wimbo tulio nao, Ee Mungu Nguvu Yetu, tuliupokea pamoja na uhuru, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka uliofuata, Tokyo, Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Kenya katika mita 800, lakini ilikuwa shaba, na shaba haipigiwi wimbo.

Basi ikafika tarehe 13 Oktoba 1968. Mji wa Mexico uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa ile nyepesi wakimbiaji wengi wakubwa waliishiwa pumzi. Kipchoge Keino, akisumbuliwa na maumivu ya nyongo, alianguka kabla mbio za mita 10,000 hazijaisha. Mwishoni walibaki wawili: Mamo Wolde wa Ethiopia na Naftali Temu, mwana wa Gusii. Temu alimpita katika mita za mwisho. Alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, na Wolde alikuwa nyuma yake kwa sehemu sita za kumi ya sekunde. Ile ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, kwa hiyo ndiyo mara ya kwanza wimbo wetu kupigwa kwenye jukwaa la washindi wa michezo ile. Mtu wa kwanza kuusimamia pale alikuwa wa kwetu.

Nawaambia wanafunzi habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu mtoto akishajua kwamba wimbo ule ulisubiri miguu ya Temu ndipo usikike Olimpiki, hasimami tena kwa kuburuzwa. Mwalimu anaweza kuisimulia kwa dakika mbili asubuhi ya siku ya michezo, gwaridani. Haihitaji mitambo.

Jua unachoimba

Mwaka 1963 kazi ya kuandaa wimbo ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakutafuta muziki wa gwaride la askari. Walichukua bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, sauti ambayo mama humlalishia mtoto, iliyowafikia kupitia kwa Meza Moroa Galana, wakaivika maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Asili hiyo inamhusu moja kwa moja anayeuongoza wimbo uwanjani. Bembelezi haikimbizwi. Ukiiharakisha ili mpira uanze, waimbaji hukosa mahali pa kuvuta pumzi na maneno yanagongana. Ukiiburuta kama wimbo wa mazishi, watu wanaanza kutazamana. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka akiwa na mtoto mgongoni.

Kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni kuanza juu. Ubeti huanzia chini, kisha katikati hupanda. Aliyeanza kwa sauti ya juu akifika pale mpandoni anakuta hakuna pa kwenda; wanaume wananyamaza, na wanabaki wasichana wawili watatu wakivuta kwa koo. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya siku, kiongozi aanze kwa kuimba ile sehemu ya katikati inayopanda, atafute kimo ambacho mwanamume wa kawaida anakifikia bila kukaza shingo, halafu ndipo arudi chini mwanzoni na kuikariri sauti ile ya kwanza. Mwenye kinanda kidogo au filimbi aandike noti hiyo kwenye kiganja. Siku yenyewe atoe sauti hiyo kwa kuguna, wenzake waishike, kisha ahesabu.

Waimbaji si tatizo Gusii. Kila Sabato makanisa ya Waadventista hujaa kwaya za sauti nne, na Wakatoliki na Walutheri nao hawako nyuma. Iombe kwaya ya jirani ilete watu kumi na wawili tu wasimame karibu na mstari wa katikati. Ila ukumbuke kalenda. Mechi yako ikiwa Jumamosi, usiwategemee Waadventista, wala usiwalaumu. Itafute kwaya nyingine, au uihamishe fainali iwe Jumapili alasiri, jambo ambalo pia litakurudishia nusu ya wachezaji wako.

Beti ni tatu. Zote zimechapishwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, katika Jedwali la Pili la Katiba ya mwaka 2010. Chukua maneno kutoka huko, kwa sababu nakala zinazozunguka kwenye simu zina makosa ya tahajia, na nyingine zimechanganya mistari ya ubeti wa pili na wa tatu. Watu wengi wazima wanaujua ubeti wa kwanza barabara, wa pili wanaukumbuka kwa kusikiliza jirani, na wa tatu wanautikisia midomo. Kwa mechi, ubeti wa kwanza kwa Kiswahili unatosha. Hata katika mashindano ya Kombe la Dunia, FIFA hutaka wimbo usizidi sekunde 90. Kwa siku ya michezo ya shule, ambapo watoto huimba beti zote kila wiki, ziimbwe zote tatu, na ziimbwe na watoto wenyewe.

Sheria inasema nini

Ibara ya 9 ya Katiba inautaja wimbo wa taifa kuwa mojawapo ya alama za taifa, pamoja na bendera, nembo na muhuri wa umma. Kuna pia Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, ambayo inalinda alama hizo. Katiba haisemi popote kwamba mechi haiwezi kuanza bila wimbo. Ni desturi. Mechi ya kirafiki kati ya vijana wa Suneka na wa Mosocho haiwi na kasoro kwa kuanza kwa kipenga peke yake, na nadhani ni bora hivyo kuliko kuupiga wimbo ovyo kila alasiri mpaka uzoeleke kama tangazo la dawa ya panya sokoni.

Uweke kwa siku zenye uzito: fainali, ufunguzi wa mashindano ya shule kuanzia ngazi ya kaunti ndogo, mechi ya timu ya taifa, mashindano yenye wageni kutoka nje ya nchi, na sherehe za Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Uwanja wa Gusii mjini Kisii ulipoandaa Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2020, Rais Uhuru Kenyatta akiwepo, shughuli ilifuata utaratibu wote wa dola. Kombe la kijiji halihitaji hayo yote. Linahitaji watu kumi na wawili wanaojua sauti na mtu mmoja anayejua lini waanze.

Jambo jingine ambalo waandaaji huniuliza ni kama wimbo upigwe kwa kila mshindi wa riadha za kaunti. Hapana. Olimpiki hupiga wimbo kutambulisha nchi ya mshindi. Pale kwenye uwanja wa Nyanturago au wa Manga, aliyeshinda, aliyeshindwa na anayewavisha medali wote ni Wakenya, na ukiupiga mara 20 kwa siku utakuwa umechosha watu bila kumtambulisha yeyote. Mshindi mwimbieni wimbo wa shule yake. Watoto wataupenda zaidi, na hapo wapige makofi na kuruka watakavyo.

Mitambo

Kama hamna kwaya, au mnataka muziki uwasindikize waimbaji, basi mtakuwa na mashine, na mashine ina tabia zake. Usipige wimbo moja kwa moja kutoka intaneti: matangazo hujichomeka mbele, na mtandao wenyewe hukatika penye umati kwa sababu kila mtu anarekodi na kutuma. Upakue siku chache kabla, uuweke kwenye flashi mbili, na jina la faili liwe wazi. Kama ni lazima utumie simu, iwe simu isiyo na laini, au iweke katika hali ya ndege. Sikiliza faili lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, si sekunde tano za kwanza. Nyingine zina beti zote tatu, nyingine ni ala tupu, na nyingine zina utangulizi wa ngoma ambao utawachanganya waimbaji wasijue pa kuingilia.

Jaribu spika saa mbili kabla ya watu kufika, ukiwa umesimama upande wa pili wa uwanja. Viwanja vyetu vingi viko kwenye miteremko, na sauti iliyo tamu jukwaani inaweza kufika kwenye goli la mbali ikiwa mwangwi. Jenereta iwe na mafuta ya kutosha na iwekwe mbali na maiki. Maiki ya kiongozi ijaribiwe kwa kuimba, kwa sababu anayehesabu "moja, mbili, moja, mbili" hajui itakavyolia sauti ikipanda.

Na iwepo njia ya pili. Kiongozi wa kwaya, au mwalimu mwenye sauti, aambiwe mapema: "Mashine ikikatika, wewe endelea kuimba." Maneno hayo peke yake yangeiokoa fainali niliyoisimulia. Watu wanataka kuimba. Wanachokosa ni mtu mmoja asiyenyamaza.

Makosa ya mashine hayapati vijiji peke yake. Mwezi Machi 2012, nchini Kuwait, Maria Dmitrienko wa Kazakhstan alisimama kupokea dhahabu ya kulenga shabaha, na badala ya wimbo wa nchi yake ukapigwa ule wa mzaha kutoka kwenye filamu ya Borat. Mwaka 2016 Uruguay walisimama Glendale, Marekani, kabla ya kucheza na Mexico, wakapigiwa wimbo wa Chile. Huko kote kulikuwa na vifaa vya bei kubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kulisikiliza faili mapema akiwa pamoja na mwenye wimbo wake.

Utaratibu wa dakika tano

Timu ziingie zikiongozwa na waamuzi, zijipange zikikabili jukwaa kuu, waamuzi wakiwa katikati. Kama kuna bendera, skauti wawili wasimame nayo mahali panapoonekana. Rangi nyeusi iwe juu, na isiguse ardhi. Anayehusika na bendera aitazame kabla haijapanda, kwa maana nimewahi kuiona imepanda kichwa chini mbele ya uwanja uliojaa, na hakuna aliyethubutu kuishusha.

Mshereheshaji aseme sentensi moja: tunaomba wote tusimame kwa wimbo wa taifa. Asitoe hotuba, asitaje wadhamini hapo katikati, asiwahimize watu wapige kelele. Anyamaze kwa muda wa pumzi tatu, mpaka uwanja utulie, kisha ampe kiongozi ishara. Pumzi hizo tatu ndizo ninazozipenda kuliko zote. Husikika bendera ikipiga mlingoti, na mtoto akiuliza kitu kwa mbali.

Wimbo ukiisha, wachezaji wapeane mikono, sarafu irushwe, mpira uanze. Kama kuna sala, itangulie wimbo. Mgeni wa heshima akichelewa, msimsubiri zaidi ya robo saa, na akifika katikati ya mchezo wimbo usirudiwe kwa ajili yake. Wimbo ni wa taifa, na taifa lilikuwa limeshafika.

Ngoma, obokano ya nyuzi nane, na zile nyimbo za mashabiki wa Shabana ambao tangu klabu irejee Ligi Kuu mwaka 2023 wameupaka Uwanja wa Gusii rangi mpya, vyote vina nafasi yake, kabla na baada. Ila visikaribie wimbo wa taifa kwa dakika moja upande huu na dakika moja upande ule. Mwombe kiongozi wa mashabiki kwa heshima, mapema, na umpe kazi: yeye ndiye atakayeinua mkono kuwanyamazisha wenzake. Ule wito wao wa "Tore Bobe" utapigwa mara tu kipenga kikilia, na utapigwa kwa nguvu zaidi kwa kuwa ulisubiri.

Mwili nao unasema

Raia asimame wima, mikono ubavuni, kofia mkononi. Polisi, askari wa magereza na wengine waliovaa sare watafuata amri zao wenyewe. Wachezaji wengi siku hizi huweka mkono wa kulia kifuani, na sioni ubaya, ila mwalimu asiwakaripie watoto walioweka mikono ubavuni. Wauza njugu na miwa wasimame walipo. Wapiga picha wasikatize mbele ya timu. Wenye bodaboda nje ya ua watulize honi, na huwa wanafanya hivyo wakiombwa. Ni desturi yetu ya zamani kwamba bendera ikipandishwa au kushushwa kituo cha polisi, mpita njia husimama.

Asiyeweza kusimama, akae. Mzee, mama mjamzito, mtu mwenye kiti cha magurudumu, mchezaji aliyeumia: heshima yao ni kutulia.

Hapa nataka kusimulia habari ya Olimpiki ya Munich, kwa sababu inatugusa kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 7 Septemba 1972, Wamarekani Vincent Matthews na Wayne Collett walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 400. Wa tatu alikuwa Julius Sang wa Kenya. Wimbo wa Marekani ulipokuwa ukipigwa, Matthews na Collett walisimama kwa ulegevu, wakizungumza, wakichezesha miguu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwafungia. Kwa kuwa mwenzao John Smith alikuwa ameumia, Marekani ikakosa watu wanne wa kukimbia mbio za kupokezana vijiti, ambazo ilitarajiwa kuzishinda. Tarehe 10 Septemba, Kenya ikachukua dhahabu ya mita 400 mara nne kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Waliokimbia ni Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Sang. Watatu wa kwanza walikuwa Wagusii. (Ouko huyu ni mwanariadha wa Manga, wengi humchanganya na waziri aliyeuawa mwaka 1990.) Wimbo wetu ukapigwa Munich, na kati ya wanne waliousikiliza kutoka ngazi ya juu, watatu walitoka katika vilima hivi.

Sisemi adhabu ile ilikuwa ya haki. Naiona ilikuwa kali kupita kiasi. Miaka minne nyuma, Mexico, siku tatu tu baada ya dhahabu ya Temu, Tommie Smith na John Carlos waliinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi wakati wa wimbo huohuo, kwa ajili ya mateso ya watu weusi wa nchi yao, nao wakafukuzwa michezoni. Leo wanaheshimiwa. Mtu mwenye uchungu na nchi yake huwa ameufikiria wimbo kuliko sisi tuliouzoea. Lakini mchezaji wako wa miaka 16 anayefanya mzaha na kumkanyaga mwenzake wimbo ukiendelea, huyo hana ujumbe wowote. Ni kwamba hakuna aliyemfundisha. Mfundishe mazoezini. Waambie wachezaji wasimame kwenye mstari wakiwa wamechoka, baada ya kukimbia, waimbe ubeti mmoja. Dakika mbili kila Ijumaa, na siku ya fainali mwili utajua pa kusimama.

Asiyeimba kwa sababu ya imani

Katika shule nyingi za kaunti zetu kuna watoto wa Mashahidi wa Yehova, ambao hawaimbi nyimbo za taifa lolote. Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Mtoto wa namna hiyo akisimama kimya, au akikaa kimya, asivutwe sikio, asitolewe kwenye timu, asitajwe kwenye maiki. Zungumza naye na wazazi wake mapema, mkubaliane asimame wapi. Nimemwona mlinda lango mmoja akisimama mwisho wa mstari, mikono nyuma, akiwangoja wenzake kwa utulivu ambao sisi waimbaji hatukuwa nao.

Wageni wakija

Timu ya Uganda au Tanzania ikialikwa, kwa desturi wimbo wa wageni hutangulia, kisha wa mwenyeji. Pata faili lao kutoka kwao wenyewe, na nahodha au mwalimu wao alisikilize kabla ya mechi. Wimbo wa Uganda ni mmoja wa nyimbo fupi zaidi duniani, kwa hiyo msidhani mashine imekatika. Tanzania na Zambia hutumia muziki uleule wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, wa mwaka 1897, kwa maneno tofauti. Hapo kusikia sauti ya ala haitoshi, soma jina la faili. Katika michezo ya shule za Afrika Mashariki huenda mkahitaji pia Jumuiya Yetu, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliopitishwa mwaka 2010.

Na wimbo wa mgeni usimamiwe kama wetu. Hellen Obiri, aliyezaliwa Kisii, alisikia wimbo wa Kenya ukipigwa kwa ajili yake alipokuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 London mwaka 2017 na Doha mwaka 2019. Lakini katika Olimpiki ya Tokyo alipata fedha katika mita hizo, na Paris mwaka 2024 akapata shaba ya marathoni, na mara zote mbili mbele yake alikuwa Sifan Hassan wa Uholanzi. Mara mbili, basi, Obiri amesimama na medali ya Olimpiki shingoni huku wimbo wa nchi nyingine ukipigwa. Mashabiki wa Kisii wakiwazomea wageni wimbo wao ukiendelea, wamkumbuke pale alipokuwa amesimama.

Lililobaki ni mvua. Mwandaaji wa Kisii anayepanga sherehe saa tisa alasiri anajua anachokitafuta. Anza saa saba na nusu kama unaweza. Ikishindikana, na matone yakaanza wimbo ukiwa katikati, kiongozi asitazame mbinguni. Amalize ubeti kwa mwendo uleule, watu wabaki walipo, miavuli ikunjuliwe kimya kimya. Funika maiki na nyaya kwa karatasi ya nailoni ambayo umeileta kutoka nyumbani, kwa sababu uliijua mvua hiyo tangu asubuhi. Ubeti ukiisha, kila mtu akimbilie chini ya paa au chini ya mikaratusi, na timu zisubiri pamoja.